Nozeli Nne za Pikapu ya Ubwa

Fundi Mkadam alizipanga nozeli nne juu ya gunia, akazifuta moja moja kwa kitambaa, kisha akamtazama Bakar. Aliyemwita fundi ni Time, shemegi yake Bakar, na atakayelipa ni Time, lakini maneno ya gari Mkadam alikuwa kazoea kuyapeleka kwa mwanamme. Alisema mbili kati ya zile nne zimekufa. Nozeli nzima hupuliza dizeli kama mrashi unavyorashia marashi, matone madogo madogo yanayoungua mara moja. Hizi mbili zilikuwa zinatiririsha tu. Ndiyo maana gari ilikuwa ngumu kuwaka asubuhi, inatoa moshi mweupe, na ikifika kile kilima cha kabla ya Dunga inataka kusimama.

Time alikuwa kasimama kwenye mlango wa gereji, buibui kalikusanya mkononi lisiguse mafuta yaliyomwagika chini. Aliuliza kinatakiwa nini. Mkadam akasema zinunuliwe nne mpya za namba ile ile. Bakar akadakia kwamba pale wanapoegesha gari za mizigo kasikia watu wanatia nozeli kubwa zaidi, za injini za malori, na gari zinabeba mzigo mara mbili. Kwa nini na wao wasitie hizo?

Mkadam aliokota nozeli moja akaigeuzageuza. "Injini hii pumzi yake ni ndogo," alisema. "Ukiitia nozeli kubwa unailisha kuliko inavyopumua. Itakimbia, tena itakimbia vizuri sana. Halafu itajiunguza yenyewe kwa ndani."

Time akaomba asomewe namba iliyochorwa ubavuni mwa nozeli, akaiandika nyuma ya karatasi ya dawa za mumewe. Aliiandika taratibu, tarakimu kubwa kubwa, akamrudishia Mkadam aihakikishe.

Gari ilikuwa ya Ubwa, mumewe, aliyeiendesha miaka kumi na moja. Mwezi wa Ramadhani uliopita, mwaka huo wa tisini na saba, Ubwa alianguka msalani. Walipomnyanyua walimkuta upande wa kulia umelala na ulimi hauna neno. Tangu siku hiyo gari iliendeshwa na Bakar, mdogo wake, aliyekuwa hajaoa na akikaa nao Jang'ombe. Alfajiri anapakia barafu mjini, anaipeleka hoteli moja ya Uroa, na anarudi na samaki wa kuuza soko la Darajani. Nyumba nzima, mgonjwa na watoto wawili wa skuli, ilikula humo.

Siku mbili kabla ya hapo Bakar alifika Uroa saa moja na nusu badala ya saa kumi na mbili. Gari ilikuwa imezimika mara tatu njiani. Mazin, msimamizi wa stoo ya hoteli, alimwambia ateremshe mapande ya barafu hapo hapo uwanjani na kuyaweka juu ya mizani, mbele ya wapishi na wafuaji nguo waliokuwa wamesimama kungojea chai. Kila pande lilikuwa limepungua karibu nusu. Maji yalimtiririkia Bakar kifuani na kwenye suruali.

Mazin hakupandisha sauti. Alisema yeye kanunua barafu, sasa kaletewa maji, na maji anayo. Wafuaji wakacheka. Kisha akamwita Bakar pembeni, akamweleza kwamba hoteli inajenga vibanda vinane vipya vya wageni na inataka saruji kila siku kutoka mjini. Mwenye gari yenye nguvu atapata kazi zote mbili, barafu na saruji. Asiyekuwa nayo atazikosa zote mbili. Alimpa wiki moja.

Bakar alimhadithia Time habari ya saruji. Habari ya mizani na kicheko hakumwambia mtu.

Duka la vipuri la Himid lilikuwa Mji Mkongwe, chini ya nyumba ya ghorofa tatu ambayo watu wa kwao walikuwa nayo zamani na sasa wao wenyewe wanapanga vyumba viwili. Himid alikuwa mtu wa maneno laini. Aliweka mikebe miwili mezani, akawa anamweleza Bakar. Hizi ni za namba yenu, gari itakwenda kama ilivyokwenda siku zote. Hizi nyengine zimetoka Dubai, za nguvu, na zinazidi bei kidogo tu. Wenye gari za mawe wote wanachukua hizi.

"Nipe za namba hii," alisema Time, na akaiweka ile karatasi juu ya meza.

Himid akatabasamu. "Bi Time, mambo ya vyuma waachie wanaume. Wewe jioni utaletewa pesa nyumbani."

Wateja wawili waliokuwa wameegemea meza, madereva wanaojuana na Bakar, waliinamisha vichwa wakicheka. Time hakuondoa kidole juu ya namba. Pesa zilizokuwa mkobani zilikuwa za zamu yake ya upatu, aliyoingojea miezi minane, na hakuwa na nyengine. Alirudia neno lile lile. Himid akafunga mkebe wa namba ile, akapokea pesa, akampa Bakar mkebe aubebe.

Walipokuwa wanatoka, dereva mmoja alimuuliza Bakar, kwa sauti ya kusikika, kama hata gia huwa anabadilisha kwa ruhusa ya shemegi yake. Time alijifanya hakusikia. Bakar alisikia, na maneno yale yalikwenda naye mpaka nyumbani.

Kesho yake, Ijumaa, Bakar aliondoka na mkebe kama anakwenda gereji. Akapita kwanza dukani. Akamwambia Himid amebadilisha nia, akaongeza kutoka kwenye pesa zake mwenyewe alizokuwa akiweka kwa ajili ya mahari. Himid hakuuliza kitu. Aliurudisha mkebe wa jana kwenye rafu na kumpa wa pili, akamwombea na heri.

Bakar hakuwa mwizi, na wala hakuwa na nia mbaya. Njia nzima alikuwa akimfikiria kaka yake. Kulikuwa na daktari wa mazoezi ya viungo, anayetaka kulipwa kila wiki, ambaye ilisemekana kawasimamisha watu waliolala kuliko Ubwa. Kwa saruji ya Uroa daktari yule angeweza kulipwa. Alijiambia kwamba shemegi yake ataona matunda na hatouliza mti. Lakini alijua pia kuwa anataka kupita mbele ya wale madereva wawili na gari iliyojaa pomoni.

Mkadam alipofungua mkebe alisoma namba. Akasema hizi si zile. Bakar akamwambia shemegi yake kakubali, wameshasikilizana nyumbani. Mkadam akatazama nje. Kutoka pale hadi nyumbani kwa Ubwa hazikuwa hatua mia mbili, na angeweza kwenda mwenyewe akauliza. Lakini wakati wa sala ulikuwa umekaribia, na kwenda kumuuliza mwanamke kama anachosema shemegi yake ni kweli ilikuwa ni kumwita Bakar mwongo. Akachukua spana. Kabla ya adhana ya Ijumaa zilikuwa zimeshafungwa zote nne.

Gari iliruka. Bakar alipakia barafu pamoja na mifuko ishirini ya saruji, na kile kilima cha Dunga akakipanda bila kubadilisha gia. Wiki ya pili mifuko ikawa thelathini. Mazin alimpa mkono, akamtia kwenye daftari la hoteli, na siku moja akamwambia mpishi ampe Bakar chai na mkate wa mayai.

Pesa zilianza kuonekana nyumbani. Daktari wa mazoezi alikuja mara mbili. Watoto walinunuliwa viatu. Time, aliyezoea kutembea na kichwa chini tangu mumewe aanguke, akaanza kusimama barazani na majirani. Aliwaeleza jinsi Himid alivyotaka kumuuzia nozeli kubwa na jinsi yeye alivyoshikilia za namba ile ile. Mbele yao akamshukuru Bakar kwa kumsikiliza. Bakar alikuwa akiitikia "Alhamdulillahi" na kuingia ndani.

Ubwa ndiye aliyejua.

Kitanda chake kilikuwa chumba cha mbele, chini ya dirisha, na gari ililala chini ya dirisha hilo. Alfajiri ya kwanza Bakar alipoiwasha, Ubwa alifumbua macho. Mngurumo ulikuwa mzito kuliko aliouzoea, na chini yake kulikuwa na mlio wa chuma kinachogonga. Kisha moshi ukaingia chumbani. Haukuwa ule mweupe wa nozeli zilizochoka. Ulikuwa mweusi, unaokaba koo, harufu ya mafuta yaliyozidi. Miaka mitano nyuma aliiona pikapu ya mwenzake ikifa kwa moshi kama huo. Alitaka kusema. Kilichotoka kinywani kilikuwa sauti moja ya kooni, ile ile anayoitoa akitaka maji na akitaka kugeuzwa. Akaanza kupiga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima.

Time akaja na maji. Ubwa akayakataa. Akaja na beseni, akalikataa. Gari ilipoondoka mkono nao ukatulia.

Ikawa hivyo kila alfajiri. Gari ikiwaka, Ubwa anapiga ubao mpaka vidole vinachubuka. Watoto wanaamka wakilia. Time akamwambia jirani yake, Mwanakheir, na Mwanakheir akasema jambo lililoonekana na maana: mwanamme aliyeiendesha gari yake miaka yote hiyo hawezi kustahamili kuisikia inakwenda bila yeye. Ni wivu, na wivu wa mgonjwa ni mbaya zaidi. Time aliona ndivyo. Asubuhi moja ambayo hakuwa amelala vizuri alimshika Ubwa kifundo cha mkono, akakibana kitandani.

"Yatosha," alimwambia. "Bakar anajikalifisha kwa ajili yako, na wewe unamwonea gere. Kwani dunia nzima mgonjwa ni wewe peke yako?"

Ubwa alimtazama, macho yamejaa maji. Time akayafahamu yale machozi kuwa ni ya aibu.

Jumapili hiyo kitanda kikahamishwa chumba cha uani, ambako sauti ya barabarani haifiki. Mume wa Mwanakheir alishika upande wa miguuni, Bakar upande wa kichwani. Njia nzima ya ukumbini Ubwa alikuwa kageuza macho juu, kamkazia mdogo wake, na Bakar alielewa anachoambiwa kama vile kimesemwa kwa maneno. Alifika uani, akakiweka kitanda chini, akalitandika shuka vizuri, akatoka. Kutoka siku hiyo alikuwa akimsalimia kaka yake kutoka mlangoni.

Kama angerudi gereji siku hiyo, injini ingeokoka. Alilifikiria hilo. Lakini Jumatatu kulikuwa na mifuko arubaini ya kupelekwa.

Ilikuwa wiki ya tatu, saa tano ya mchana, safari ya pili ya siku, jua kali. Bakar alikuwa keshakaribia Dunga, anakipanda kile kilima kwa mguu wote wa mafuta, na nyuma yake moshi umefunika barabara. Alisikia mlio kama bati linalochanika. Gari ikatikisika, ikatoa moshi wa buluu mbele na nyuma, ikazima. Alipofungua boneti joto lilimrudisha nyuma. Alijaribu kuiwasha mara mbili. Mara ya pili kukasikika vyuma vinasagana ndani, akaacha.

Alasiri Mazin alituma lori likahamisha saruji palepale barabarani. Dereva wa lori alimletea Bakar salamu: asijisumbue kuja kesho.

Gari ilivutwa kwa kamba hadi Jang'ombe. Time alikwenda gereji Mkadam alipokuwa ameshaifungua injini. Fundi alimwonyesha pistoni ya pili. Katikati yake kulikuwa na tundu la kupita kidole gumba, kingo zake zimeyeyuka kama nta, na silinda ilikuwa imechubuka vibaya. Alisema hii si ya kutengenezwa, ni ya kununuliwa injini nyengine.

Time hakuelewa. Aliuliza vipi nozeli za namba ile ile zinaweza kuleta hivi. Mkadam akaanza kujishughulisha na kopo la misumari. Hapo ndipo Time alipoziona nozeli zimewekwa kwenye sahani ya mafuta. Akaivuta sahani karibu, akachukua moja, akaifuta kwa ncha ya buibui lake alilokuwa akililinda siku zote, akasoma. Akatoa mkobani ile karatasi ya dawa. Akasoma tena.

"Ulijua," alimwambia Mkadam.

"Bakar kaniambia mmesikilizana."

"Mimi nakaa pale. Kutoka hapa unauona mlango wangu."

Mkadam alisema yeye ni fundi, anafunga anacholetewa. Alisema pia kuwa onyo kalitoa tangu siku ya mwanzo, na mashahidi wapo. Time alimsikiliza mpaka akamaliza. Akamuuliza kazi ya kufungua injini ni kiasi gani. Mkadam akasema hatomtoza kitu, kwa heshima ya Mzee Ubwa. Time akamwekea alichokuwa nacho juu ya gunia, akatoka.

Bakar alikuwa kakaa barazani, mikono katikati ya magoti. Watu walikuwa wanapita kutoka msikitini. Time hakutaka kusema mbele ya watu, akamwita ndani, na Bakar akaitika "Naam" kwa sauti ndogo kama mtoto.

"Ningekwambia ungekataa," alisema Bakar, kabla hajaulizwa.

"Ningekataa."

"Nilitaka kaka asimame, shemegi. Wallahi nilitaka asimame."

"Wiki tatu nakushukuru mbele ya watu," Time alimwambia. "Na wewe unaitikia."

Bakar alisema atakwenda bara kutafuta kazi, atatuma pesa kidogo kidogo mpaka injini ipatikane. Time alijua kuwa anasema kweli, kwa saa hiyo. Alijua pia kwamba hawezi kumfukuza, kwa sababu kumnyanyua Ubwa, kumwogesha na kumgeuza kulitaka mikono ya mwanamme, na mwanamme mwengine nyumbani hakuwapo. Jioni alimpakulia chakula chake, akakiweka mahali pale pale alipokiweka siku zote.

Kisha akaenda chumba cha uani. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Alimwambia Ubwa kwamba zile nozeli hazikuwa alizonunua. Alimweleza habari ya pistoni. Ubwa alifumba macho na kuyafumbua, hakuonekana kushangaa.

"Ulikuwa unaniambia?" alimuuliza.

Ubwa aliinua mkono wa kushoto, akaupiga ubao mara moja tu.

Time aliushika mkono ule, ukiwa bado na makovu ya michubuko, akauweka shavuni mwake. Ubwa aliuacha hapo kidogo. Halafu akauchomoa, akageuza uso ukutani.

Injini nyengine ilikuwa na bei ambayo upatu wa mtaa mzima usingeifikia. Gari ilikaa gereji miezi miwili. Mkadam, kwa heshima ile ile, alituma mtu kueleza kwamba inamzibia nafasi. Waliokuja kuitazama walitoa bei za kuchekesha. Mwisho akaja Himid. Alisema anasikitika sana, na kwamba yeye muuzaji tu, anauza anachoombwa. Bodi, magurudumu na gia boksi ataweza kuviuza kipande kipande. Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa pesa taslimu. Watoto walikuwa wamesharudishwa nyumbani kutoka skuli kwa kukosa ada, na daktari wa mazoezi hakuonekana tena. Time akakubali.

Kadi ya gari ilikuwa kwa jina la Ubwa. Himid alikuja nyumbani na karatasi ya mauziano, mume wa Mwanakheir kama shahidi, na kisanduku cha wino wa muhuri. Waliingia chumba cha uani wakavua viatu. Himid alimtolea Ubwa salamu kwa adabu, akamwinamia, akamsomea karatasi yote kwa sauti, pamoja na bei. Bakar alibaki mlangoni.

Himid alipomaliza kusoma, alifungua kisanduku cha wino na kukisogeza kwenye mkono wa kushoto wa Ubwa, ule ulio mzima. Ubwa akafumba ngumi.

Himid akamtazama Time. Time akakaa kitandani, akazungumza na mumewe polepole. Alimwambia habari za ada. Alimwambia unga umekwisha tangu juzi na kwamba wanakula kwa Mwanakheir. Ngumi haikufunguka. Akajaribu kuvifungua vidole, kimoja kimoja. Kila alichokifungua kilijifunga alipokwenda kwenye kingine, na Ubwa alikuwa akimtazama usoni muda wote. Mume wa Mwanakheir alijikohoza. Himid akasema kwa upole kwamba kama mwenyewe hakuridhia basi na waache, yeye hataki mali ya mtu kwa nguvu. Akaanza kukunja karatasi.

Time aliuachia mkono.

"Subiri, Bwana Himid," alisema. "Upo mwengine."

Alizunguka upande wa pili wa kitanda. Aliutoa mkono wa kulia chini ya shuka, ule ambao Ubwa hakuuhisi tangu Ramadhani, ukiwa mlegevu na wa moto kwa kulaliwa. Ulimfuata bila kumzuia. Alikishika kidole gumba, akakichovya winoni, akakiweka kwenye karatasi pale Himid alipomwonyesha, akakikandamiza.

Himid alipuliza wino ukauke, akahesabu pesa, akaziweka juu ya mto kwa sababu hapakuwa na meza. Wakatoka. Time alilowesha ncha ya kanga yake akakifuta kidole kile mpaka kikatakata, akaurudisha mkono chini ya shuka na kulifunika vizuri.